Hesabu kwa Wasomaji: Ni Lini Unaruhusiwa Kukata x Juu na Chini?

Barua zilizotufikia safari hii zimetoka kwa wanafunzi, mzazi mmoja na hata mwalimu mwenzangu, lakini zote zinazunguka jambo moja, nalo ni kurahisisha sehemu ambazo kiasi chake (cha juu) na asili yake (ya chini) ni polinomia, yaani mitajo kama x + 6 au x² + 5x + 6. Nitaziandika sehemu hizo kwa mstari ulioinama, kiasi kikitangulia na asili ikifuata, kila kimoja ndani ya mabano yake. Kwa hiyo (x + 6)/(x + 2) isomeke hivi: x jumlisha 6, yote, gawanya kwa x jumlisha 2, yote. Naomba msomaji asilipuuze neno hilo "yote", kwa sababu makosa mengi tutakayoyaona hapa chini huanzia pale linaposahauliwa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika jaribio tuliambiwa turahisishe (x + 6)/(x + 2). Nilikata x ya juu na x ya chini, nikabaki na 6/2, yaani 3, nikakoseshwa. Lakini katika 6x/2x nilikata x vilevile, nikapata 3, nikapewa alama zote. Kwa nini x inakatika kule na huku haikatiki? (Mwanafunzi wa sekondari)

JIBU: Marahaba. Kabla ya kutafuta sababu, tuhakikishe kwanza kwamba jibu lako kweli si sahihi, maana mwanafunzi hapaswi kukubali kosa kwa sababu tu kalamu nyekundu imepita juu yake. Ukisema kwamba (x + 6)/(x + 2) ni sawa na 3, unadai kwamba iko hivyo kwa kila thamani ya x. Weka x = 1, utapata 7/3. Weka x = 2, utapata 8/4, yaani 2. Weka x = 4, utapata 10/6, yaani 5/3. Thamani pekee inayokupa 3 ni x = 0, na jibu linalokubaliana na swali mahali pamoja tu haliwezi kuitwa umbo rahisi la swali hilo, kwa kuwa kurahisisha maana yake ni kubadilisha sura ya mtajo bila kugusa thamani yake.

Sasa tuje kwenye sababu. Neno "kukata" ndilo linalowaponza wengi, kwa kuwa linatufanya tuone kana kwamba herufi mbili zinazofanana, moja juu na nyingine chini, zinafutana kwa sababu tu ya kufanana. Katika 6x/2x hakuna kilichofutwa. Sehemu hiyo ni 6/2 mara x/x, na x/x ni 1 (almradi x si sifuri, jambo ambalo tutalifikia baadaye), na namba yoyote ikizidishwa kwa 1 hubaki ilivyo. Kilichoondoka, kwa hiyo, ni 1 iliyokuwa inazidisha. Katika (x + 6)/(x + 2) huwezi kuitenga x/x namna hiyo, kwa sababu x haizidishi kitu chochote: imejumlishwa na 6 juu, na imejumlishwa na 2 chini. Ulichokifanya hasa, ingawa hukukikusudia, ni kutoa x kwenye kiasi na kutoa x kwenye asili. Kutoa namba ileile juu na chini hubadilisha sehemu. Chukua 7/3, toa 1 juu na chini, utabaki na 6/2, na hizo mbili si sawa.

Ni vizuri basi kuyatofautisha majina. Kinachozidisha tukiite kigawo, kama vitabu vyetu vya hesabu vinavyokiita, na kinachojumlishwa au kutolewa tukiite kijumlishwa. Kigawo cha kiasi chote kinaweza kukatwa na kigawo kama hicho cha asili yote. Kijumlishwa hakikatwi kamwe, hata kikifanana na mwenzake wa chini kama pacha. Ndiyo maana kazi ya kurahisisha huanza kwa kutafuta vigawo, na kalamu ya kukatia hungoja mpaka pale ambapo kiasi na asili vimekwisha kuandikwa kama mazao ya kuzidisha.

Chukua (x² + 5x + 6)/(x² − 4). Mwenye haraka atakata x² na x², abaki na (5x + 6)/(−4), akiwa ameingia katika kosa lilelile lililovaa vazi jingine. Mwenye subira atatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa hutoa 6 na zikijumlishwa hutoa 5, nazo ni 2 na 3, kwa hiyo kiasi ni (x + 2)(x + 3). Asili ni tofauti ya miraba miwili, yaani (x − 2)(x + 2). Mabano (x + 2) yanazidisha juu na yanazidisha chini, hivyo yanakatwa kwa ukamilifu wake, kana kwamba ni namba moja, na tunabaki na (x + 3)/(x − 2). Hapo ndipo pa kusimama. Nimeona madaftari mengi ambayo mwenyewe alifika hapa vizuri, kisha akaikata na x iliyobaki, akaandika 3/(−2), akaibomoa kazi yake kwa mkono wake. Ukiweka x = 1 katika swali la awali utapata 12/(−3), yaani −4, na katika (x + 3)/(x − 2) utapata 4/(−1), ambayo pia ni −4. Ukaguzi wa namna hiyo huchukua nusu dakika, nami ningependa kila mwanafunzi aufanye hata kama hakuagizwa.

Kosa jingine la ukoo huohuo ni kuandika kwamba (2x + 5)/2 ni x + 5. Ile 2 ya chini inagawanya kiasi chote, na wewe umeigawanyia 2x peke yake ukaiacha 5 bila kuguswa. Jibu ni x + 5/2, au uiache sehemu ilivyo. Mstari wa sehemu hufanya kazi ya mabano, hata pale ambapo mabano hayakuandikwa.

SWALI: Mwalimu, nilirahisisha (x² − 9)/(x − 3) kwa kugawanya kila kipande kwa mwenzake: x² kwa x nikapata x, na −9 kwa −3 nikapata +3, jibu x + 3. Rafiki yangu alitumia vigawo akapata x + 3 vilevile, kisha akanicheka kwamba njia yangu ni ya kubahatisha. Kama jibu ni lilelile, kosa liko wapi?

JIBU: Rafiki yako ana haki katika hoja yake, ingawa kucheka hakukuwa na ulazima. Ijaribu njia yako mahali pengine uone itakufikisha wapi. Katika (x² + 9)/(x + 3) itakupa tena x + 3. Weka x = 1: swali linatoa 10/4, yaani 2.5, na jibu lako linatoa 4. Njia inayotoa jibu moja kwa maswali mawili yenye thamani tofauti haiwezi kuaminika hata pale inapopatia.

Sababu ya kupatia kwako ni umbo la tofauti ya miraba miwili. Kwa kuwa a² − b² ni (a − b)(a + b), sehemu (a² − b²)/(a − b) hutoa a + b, na ilitokea tu kwamba a²/a ni a na b²/b ni b, ishara mbili za kutoa zikazaa ishara ya kujumlisha. Namba za kawaida nazo zina bahati za namna hii. Katika 16/64 ukikata 6 ya juu na 6 ya chini unabaki na 1/4, ambayo ni kweli. Katika 19/95 ukikata 9 unabaki na 1/5, na hiyo pia ni kweli. Vivyo hivyo 26/65 hutoa 2/5, na 49/98 hutoa 4/8. Ukitafuta katika sehemu zote zilizo chini ya 1, zenye tarakimu mbili juu na tarakimu mbili chini, ambamo tarakimu ya mwisho ya kiasi inafanana na ya kwanza ya asili, na ukaziacha zisizo na maana kama zile za sifuri, hutapata nyingine zaidi ya hizi nne. Hakuna mwalimu atakayekuruhusu kukata tarakimu kwa sababu hiyo, kwani 6 iliyo katika 16 inajumlishwa na 10, haizidishi chochote.

Mimi ningekusahihisha hivi: jibu ni sahihi, hatua si sahihi, na alama za hatua ungezikosa. Rafiki yako pia ningemwondolea alama moja, kwa sababu nitakayoieleza katika jibu linalofuata.

SWALI: Ndugu Mwalimu, binti yangu akimaliza kurahisisha huandika pembeni maneno kama "x si sawa na 3". Nikamuuliza kuhusu hiyohiyo (x² − 9)/(x − 3): jibu ni x + 3, na ukiweka 3 unapata 6 bila shida yoyote, sasa katazo hilo ni la nini? Alisema mwalimu wao ndiye aliyesema. Mimi sikuridhika. (Mzazi)

JIBU: Una haki ya kutoridhika, kwa sababu "mwalimu amesema" si hoja ya hesabu. Hoja yenyewe ni hii. Katika x + 3 kweli 3 haina tatizo. Lakini mtajo tulioanza nao haukuwa x + 3. Ukiweka 3 katika (x² − 9)/(x − 3) unapata 0 juu na 0 chini, na 0/0 haina thamani. Kugawanya ni kutafuta namba ambayo ukiizidisha kwa asili utapata kiasi: 12/4 ni 3 kwa kuwa 3 mara 4 ni 12. Kwa 0/0 tunatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa 0 itatoa 0, na namba zote zinafaa, kwa hiyo hakuna iliyo na haki ya kuchaguliwa kuliko wenzake. Brahmagupta, mwanahisabati wa India aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuweka kanuni za sifuri kwa maandishi, katika kitabu chake cha mwaka 628 alisema kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Kanuni zake nyingine kuhusu sifuri na namba hasi tunazitumia hadi leo, lakini hiyo haikudumu.

Kumbuka pia jinsi tulivyokata. Tuliandika (x − 3)(x + 3)/(x − 3), tukasema (x − 3)/(x − 3) ni 1. Kauli hiyo ni kweli kwa kila x isipokuwa 3. Kwa hiyo usawa wote tuliouandika unasimama juu ya sharti kwamba x si 3, na binti yako anapoliandika sharti hilo pembeni anatunza kumbukumbu ya kitu ambacho jibu lenyewe haliwezi tena kukionyesha. Ukichora grafu ya mtajo wa awali utapata mstari mnyoofu uleule wa x + 3, lakini wenye tundu dogo pale ambapo x ni 3 na urefu ni 6. Pande zote za tundu mambo ni shwari: x ikiwa 2.9 thamani ni 5.9, ikiwa 2.99 ni 5.99, ikiwa 3.01 ni 6.01. Thamani inaikaribia 6 kutoka kushoto na kutoka kulia, lakini pale penyewe hapana kitu. Watakaoendelea hadi kalkulasi, tawi la hesabu linalochunguza mabadiliko, watakutana tena na tundu hili, na watajifunza kuuliza mtajo unaelekea wapi bila kudai kwamba umefika.

Kama bado unaona ni ukali usio na faida, tazama mlinganyo (x² − 9)/(x − 3) = 6. Asiyeandika sharti atarahisisha, apate x + 3 = 6, kisha x = 3, na atafurahi. Akirudisha 3 kwenye mlinganyo atakuta 0/0 imekaa upande wa kushoto. Mlinganyo huo hauna jibu hata moja, na sharti la pembeni lingemwambia hivyo mapema.

Nikiri jambo moja kwa ajili ya haki. Katika hesabu za juu zaidi kuna mahali ambapo x huchukuliwa kama alama tu, si namba inayosubiri kuwekwa, na huko (x² − 9)/(x − 3) na x + 3 huhesabiwa kuwa kitu kimoja bila maelezo ya pembeni. Mwanafunzi wa sekondari, hata hivyo, huweka namba mahali pa x kila siku, kwa hiyo sharti linamhusu. Na alitafute katika asili ya mwanzo, kabla hajakata chochote. Katika ule mfano wa (x² + 5x + 6)/(x² − 4) jibu lilikuwa (x + 3)/(x − 2), ambalo linatuonyesha kwamba x si 2, lakini linatuficha kwamba x si −2 pia.

SWALI: Katika (5 − x)/(x² − 25) naona hakuna kinachofanana juu na chini, nikaiacha hivyohivyo. Mwalimu wetu ameandika "endelea". Niendelee wapi?

JIBU: Asili ni (x − 5)(x + 5). Kiasi ni 5 − x, ambacho ni x − 5 iliyogeuzwa ishara: 5 − x = −(x − 5). Andika hivyo, kata (x − 5), utabaki na −1/(x + 5), x ikiwa si 5 wala −5. Ukiweka x = 0 pande zote mbili zinatoa −1/5. Usichanganye jambo hili na 5 + x, ambayo ni x + 5 ileile bila kugeuza ishara yoyote, kwa kuwa kujumlisha hakujali nani ametangulia.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wangu wakijumlisha sehemu kama 2/(x² − 1) + 1/(x + 1) huzidisha asili zote mbili, hufungua mabano yote, kisha hukwama na polinomia wasiyoijua kichwa wala miguu. Nawaambia watumie kigawe kidogo cha shirika, lakini hawaoni faida yake.

JIBU: Mimi huwaacha wapite njia ndefu mara moja, kwa makusudi, kisha nawaonyesha fupi. Njia yao ina ukweli ndani yake. Wakizidisha asili watapata 2(x + 1) + (x² − 1) juu, ambayo ni x² + 2x + 1, na chini (x² − 1)(x + 1), ambayo ikifunguliwa ni x³ + x² − x − 1. Hakuna kosa mpaka hapo, ila wamejitengenezea kazi ya kutafuta upya vigawo ambavyo dakika moja iliyopita walikuwa navyo mkononi. Laiti wasingefungua mabano ya chini, wangeona kwamba juu ni (x + 1)(x + 1) na chini ni (x − 1)(x + 1)(x + 1), na jibu 1/(x − 1) lingejitokeza lenyewe.

Njia fupi huanza kwa kutafuta vigawo vya kila asili kabla ya kitu kingine. Asili ya kwanza ni (x − 1)(x + 1), ya pili ni (x + 1), na kigawe kidogo cha shirika ni (x − 1)(x + 1), kwa kuwa ya kwanza tayari imeibeba ya pili. Sehemu ya pili inazidishwa juu na chini kwa (x − 1), kiasi kinakuwa 2 + x − 1, yaani x + 1, na hicho kinakatwa na mwenzake wa chini. Sharti ni kwamba x si 1 wala −1. Shauri langu kwa darasa ni moja: chini usifungue mabano mpaka mwisho, na mara nyingi hata mwisho usifungue. Juu unalazimika kufungua ili ujumlishe, lakini asili iliyo katika vigawo inaonyesha wazi kinachokatika na kinachokatazwa.

Wakihamia kwenye kutoa, hatari kubwa ni ishara, na hapa ndipo ninapowakosesha wanafunzi wengi zaidi kuliko mahali pengine popote katika mada hii. Chukua 3/(x − 2) − (x + 1)/(x² − 4). Kiasi cha pamoja ni 3(x + 2) − (x + 1). Wengi huandika 3x + 6 − x + 1, wakapata 2x + 7, kwa sababu alama ya kutoa waliiona ikigusa x tu. Alama hiyo inatoa kiasi chote cha sehemu ya pili, kwa hiyo ni 3x + 6 − x − 1, yaani 2x + 5, na jibu ni (2x + 5)/((x − 2)(x + 2)), x ikiwa si 2 wala −2. Ukiweka x = 0 swali linatoa −3/2 + 1/4, yaani −5/4, na jibu linatoa −5/4 pia, ilhali lile la makosa linatoa −7/4. Waambie wayaandike mabano ya kiasi cha pili hata kama kitabuni hayakuandikwa.

SWALI: Nimezoea kutafuta vigawo vya polinomia zenye x² tu. Je, nikipewa (x³ − 3x² + 4x − 12)/(x³ − 2x² − 5x + 6) nianzie wapi? Nimejaribu kubahatisha saa nzima.

JIBU: Kuna njia mbili, na ya pili ndiyo ninayoipenda, ingawa haifundishwi mara nyingi katika ngazi yako.

Ya kwanza ni kujaribu namba. Ikiwa namba fulani ikiwekwa mahali pa x inafanya polinomia iwe sifuri, tuseme 3, basi x − 3 ni kigawo chake. Kwa asili yako, ambayo x³ yake haina namba mbele, namba kamili zinazostahili kujaribiwa ni zile zinazogawanya 6 bila baki, chanya na hasi: 1, 2, 3 na 6. Kwa hiyo hata kubahatisha kuna mipaka, nawe hukupaswa kumaliza saa nzima.

Ya pili inatokana na wazo la kale sana, ambalo Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alilieleza yapata mwaka 300 kabla ya Kristo kwa ajili ya namba kamili. Kigawo chochote kinachogawanya namba mbili bila baki hugawanya pia tofauti yake. Tuseme unataka kurahisisha 391/437, na huoni kigawo chochote cha shirika. Tofauti yake ni 46, yaani 2 mara 23. Mbili haiwezekani, kwa kuwa namba zote mbili ni witiri. Ikibaki 23, utakuta 391 ni 17 mara 23 na 437 ni 19 mara 23, hivyo jibu ni 17/19. Umeipata bila kutafuta vigawo vya namba kubwa hata moja. Simon Stevin, mwanahisabati wa Flandria, katika kitabu chake cha mwaka 1585, aliihamishia njia hiyo kwenye polinomia, na inafanya kazi vilevile.

Toa basi kiasi chako kutoka katika asili. Vipeo vya tatu vinaondoka, na kinachobaki ni x² − 9x + 18, polinomia ya aina uliyoizoea, ambayo ni (x − 3)(x − 6). Kigawo chochote cha shirika lazima kitoke humo. Weka x = 6 katika kiasi, utapata 120, kwa hiyo x − 6 haihusiki. Weka x = 3, utapata sifuri juu na sifuri chini, kwa hiyo x − 3 ndicho kigawo tunachokitafuta. Kiasi sasa kinapangika kirahisi: x²(x − 3) + 4(x − 3), yaani (x − 3)(x² + 4). Asili ikigawanywa kwa x − 3 inatoa x² + x − 2, yaani (x − 1)(x + 2). Jibu ni (x² + 4)/((x − 1)(x + 2)), x ikiwa si 3, wala 1, wala −2. Hiyo x² + 4 usihangaike nayo, kwani kwa namba halisi haiwezi kuwa sifuri, na kwa hiyo haina kigawo cha kutoa. Ukikagua kwa x = 0, swali linatoa −12/6 na jibu linatoa 4/(−2), zote −2.

Ikitokea kwamba tofauti uliyoipata haivunjiki katika vigawo, igawanye moja ya polinomia za mwanzo kwa tofauti hiyo, uchukue baki, ugawanye tena tofauti kwa baki hilo, na uendelee hivyo mpaka baki liwe sifuri. Kigawanyi cha mwisho ndicho kigawo kikubwa cha shirika. Baki likiwa namba tupu isiyo sifuri, sehemu yako ilikuwa tayari katika umbo lake rahisi tangu mwanzo.

SWALI: Katika kugawanya x/(x − 1) kwa (x + 2)/(x − 4), kitabu kimeandika kwamba x si 1, wala 4, wala −2. Hiyo −2 imetoka wapi, ilhali x + 2 iko juu?

JIBU: Iko juu katika sehemu ya pili, lakini sehemu hiyo nzima ndiyo inayogawanya. X ikiwa −2, sehemu ya pili inakuwa sifuri, nawe unakuwa unagawanya kwa sifuri. Ukigeuza na kuzidisha, x + 2 inashuka chini na unaiona wazi: x(x − 4)/((x − 1)(x + 2)). Inayojificha hapa ni 4. Katika jibu hilo ukiweka 4 unapata 0 bila shida yoyote, lakini katika swali la awali x − 4 ilikuwa asili, na kwa x = 4 hapakuwa na sehemu ya pili ya kugawanyia.